Mkurugenzi, ruhusu seli za binadamu zitangulie panya

Kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Kemikali

YAH: VIPIMO VYA SUMU INAYOVUTWA KWA PUMZI

Mheshimiwa,

Mnapodai kipimo cha sumu ya kuvuta, mnaelekeza waombaji wa kibali cha kemikali kwenye mwongozo namba 403 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, uliotolewa mwaka 1981. Panya huvutishwa hewa yenye kemikali kwa saa 4, kisha huangaliwa kwa siku 14 ijulikane wangapi wamekufa. Panya hapumui kwa mdomo kama sisi, na pua yake yenye mikunjo mingi hunasa matone mengi kabla hayajashuka. Ndiyo maana mwongozo wenyewe unataka chembe za mikroni 1 hadi 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), zifike mapafuni. Bomba la kunyunyizia dawa shambani hutoa matone makubwa kuliko hayo kwa mbali. Tunapima basi ukungu asioukuta mkulima, kwa pua asiyokuwa nayo.

Njia nyingine ipo. Seli za njia ya hewa ya binadamu hukuzwa juu ya utando wenye vitundu, chini zikipata lishe, juu zikiguswa na hewa. Baada ya wiki kadhaa huota vinyweleo vinavyopepea na kutoa ute. Zikishapakwa kemikali, mtafiti hupima kwa umeme kama tabaka limeanza kuvuja, huhesabu seli zilizokufa, hutazama kama vinyweleo vimelegea. Idadi ya panya waliokufa haisemi lolote kati ya hayo.

Wala si ndoto. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilipeleka mbinu hii mbele ya jopo lake la wanasayansi Desemba 2018, kuhusu klorothalonili, dawa ya kuua kuvu inayounguza pale inapogusa. Pendekezo lilikuwa seli zichukue nafasi ya jaribio la panya la siku 90.

Nakiri, seli kwenye kisahani hazina ini wala ubongo. Sumu inayopita mapafuni ikaenda kudhuru figo itazipita kimya. Kwa hiyo siombi panya wafutwe kesho. Naomba kwamba kemikali inayodhuru pale inapogusa ianzie kwenye seli, na afisa wako akitaka panya baada ya hapo, aandike sababu kwenye jalada. Sasa hivi anayelazimika kujieleza ni mwombaji aliyeleta seli.

Wako,
Mtafiti wa toksikolojia