Mtutu wa Geji 20 Kwenye Shotigani ya Geji 12: Kuingia Si Kukaa

Wateja hutuletea shotigani ya zamani ya kukunja, ya risasi moja, mara nyingi Topper ya Harrington & Richardson, pamoja na mtutu wa geji (kipimo cha upana wa tundu) nyingine walioununua mtandaoni. Kupatikana unapatikana kirahisi: kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, bunduki ni ile fremu (kiwiliwili chake) yenye namba, na mtutu ni kipuri tu. Swali lao huwa moja: "Umeingia na unafunga, naweza kupiga?" Bado.

Kila mtutu wa bunduki hizi ulisuguliwa kiwandani ukae kwenye fremu yake. Kampuni ya mwanzo ilifungwa 1986. Iliyoirithi jina ilikuwa ikimtaka mteja apeleke fremu kiwandani ndipo afungiwe mtutu wa ziada, na uzalishaji huo ulikoma 2015. Sasa kazi ni ya fundi.

Hakikisha kwanza bunduki ni tupu. Toa mbao ya mbele, kunja, nyanyua mtutu kwenye pini ya bawaba, upachike mwingine. Pima tundu lake, usiamini maandishi peke yake: geji 12 ni karibu milimita 18.5, geji 16 ni 16.8, geji 20 ni 15.6, na .410, ambayo hutajwa kwa inchi badala ya geji, ni 10.4. Soma pia urefu wa chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, maana risasi ya milimita 76 huweza kuingia kwenye chemba ya 70. Ganda likikosa nafasi ya kufunguka mbele, shinikizo hupanda.

Funga, kisha tikisa mtutu mbao ya mbele ikiwa imetolewa. Ukicheza, ndoano inayoshika pini imelika. Dawa ni kujaza chuma kwa kuchomelea na kusugua upya, au kuweka pini nene zaidi. Kuibana ndoano kwa nyundo hakudumu hata msimu mmoja.

Pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya kitako cha mtutu na uso wa fremu. Sisi hatupitishi nafasi inayozidi milimita 0.13. Ikizidi, ganda hurudi nyuma na fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, huchomoza. Mtutu ukigoma kufunga, paka masizi ya mshumaa, funga, fungua, uone panapogusa. Hapo ndipo pa kupitisha tupa, kidogo kidogo, na kwenye mtutu tu. Fremu usiiguse, kwani ukiila fremu umeharibu na ule mtutu wake wa asili.

Komeo nalo lisifike mwisho wa njia yake. Liache nafasi ya kulika miaka ijayo. Likishika kidogo mno, bunduki hufunguka yenyewe inapolia, usoni pa mpigaji. Hitilafu hii ndiyo inayotutia hofu kuliko zote, kwa sababu mkononi bunduki huonekana imefungwa sawasawa.

Mbao ya mbele si pambo. Ndiyo inayousukuma mtutu ukae kwenye bawaba, na mbao ya geji 12 hulegea kwenye mtutu mwembamba wa .410. Na mtutu wa raifo usiufunge kabisa kwenye SB1, aina ya fremu ya bunduki hizi iliyotengenezwa kwa shotigani. Hiyo haikutengenezwa kuhimili shinikizo lake.

Tukimaliza, tunapiga risasi tatu bunduki ikiwa imefungwa kwenye stendi, kwa kamba, tukiwa nyuma ya kinga. Kisha tunapima nafasi upya na kutazama alama kwenye fataki: iwe katikati na yenye kina.

Hatari kubwa zaidi huanza bunduki ikisharudi nyumbani. Risasi ya geji 20 hupita chemba ya geji 12 na kukwama mbele yake. Mpigaji anavuta triga, kimya. Anafungua, anaona chemba tupu, anatia risasi ya geji 12, na mtutu unapasuka mkono wa kushoto ukiwa juu yake. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa za njano. Mwenye mitutu miwili kwa fremu moja yuko karibu zaidi na ajali hii, kwa kuwa koti na mfuko wake ni vilevile. Kila mtutu uwe na mfuko wake wa risasi, na kabla ya kupakia chungulia tundu lote mpaka uone mwanga.

Kama unachotaka ni kupiga risasi ndogo mara chache tu, kiingizio cha chemba (mrija wa kupokea risasi ndogo unaotiwa ndani ya chemba kubwa) kitakugharimu kidogo kuliko mtutu wa pili, ilimradi mtutu wako mkubwa ni mzima.

Mtutu wa shotigani usipungue inchi 18 (milimita 457), na bunduki nzima inchi 26 (milimita 660); pungufu ya hapo ni kosa bila kibali maalumu cha shirikisho. Ukija kwetu, lete fremu, mitutu yote miwili na mbao zake za mbele. Mtutu pekee hatuwezi kuupima.