Liandike mwanzoni, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi, naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujawasha kompyuta, kwa maana ukishaiwasha najua barua itasubiri. Mdogo wako amenieleza kwamba kile kipande cha video ya Ninja Gaiden, mchezo wa zamani wa Nintendo, ulichowaonyesha rafiki zako kimewafikia watu usiowajua, na kwamba mmoja wao amekuita mwongo, akidai kuwa hakuna binadamu awezaye kuipita hatua ya 6, sehemu ya 2, bila kusita hata mara moja. Amenieleza pia kwamba hukumjibu. Maneno ya mtu yule hayakunisumbua sana, kwa kuwa amesema alichokiona. Kilichonisumbua ni kimya chako. Je, uliandika mahali popote kwamba kazi ile imefanywa kwa kusaidiwa na zana, yaani kwa programu iliyokuwezesha kuusimamisha mchezo na kurudia kila palipoharibika, badala ya kuucheza kwa mkono mfululizo? Nilipomwuliza mdogo wako swali hilo, naye alinyamaza.

Najua utanijibu kwamba kila aujuaye mchezo huo hutambua mara moja, na kwamba kueleza jambo lililo wazi ni kuwadharau watazamaji. Sikubaliani nawe. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia habari za Morimoto, Mjapani ambaye mwaka 2003 video yake ya Super Mario Bros. 3 ilionyesha mchezo mzima ukimalizwa kwa dakika 11 hivi. Video ile ilisambaa kutoka mtu hadi mtu, lakini maelezo ya namna ilivyotengenezwa hayakusafiri pamoja nayo. Watu wakaamini kwamba wamemwona mchezaji mwenye mikono ya ajabu. Walipokuja kujua kwamba ilirekodiwa katika emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya mchezo ndani ya kompyuta, kwa kupunguza mwendo na kurudia palipoharibika, wengi walihisi wamechezewa, na baadhi ya waliokuwa wakiisifu wakaanza kuitukana. Kazi ile ilikuwa kubwa, tena iliwavuta wengi kuipenda sanaa hii, lakini jina la udanganyifu liliitangulia heshima yake. Sitaki likutangulie wewe.

Wachezaji wa mchezo wa Doom walikuwa wameshalielewa jambo hili tangu 1999, walipoanza kuziweka kazi za namna hii peke yake, zikiwa na jina lake, mbali na zile zilizochezwa kwa mkono mtupu. TASVideos, tovuti ya kazi za namna hii iliyoanzishwa na Joel Yliluoma wa Finland mwishoni mwa 2003, huweka tangazo katika video zake kwamba rekodi hii imesaidiwa na zana. Ikiwa watu walioifanya kazi hii kwa miaka mingi kiasi hicho bado wanaona haja ya kulitangaza, wewe ni nani hata usione haja hiyo?

Usidhani kwamba nasema nisilolijua. Tangu uondoke nimemwomba mdogo wako anifungulie faili uliyoiacha hapa nyumbani. Nilitarajia kuona picha, nikakuta mistari ya maandishi, mmoja kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo, yenye nukta mahali ambapo kitufe kimeachwa na herufi mahali ambapo kimebonyezwa. Pedi ya Nintendo Entertainment System ina vitufe 8, ukihesabu pande 4 za msalaba, na mashine hutoa fremu zipatazo 60 kwa sekunde. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu: dakika 10 za mchezo ni mistari ipatayo 36,000, na kila mstari waweza kuandikwa kwa namna 256. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kipande cha sekunde chache kilikuchukua majuma, na kwa nini ulikuwa ukikasirika mtu akikuita mezani. Niliendelea kuishusha mistari ile mpaka macho yakachoka, na sikufika mwisho wake. Mwanangu, nilijivuna. Nilimwita baba yako aje aone, akasimama nyuma yangu muda mrefu bila kusema neno, nawe unajua kimya cha baba yako kina maana gani.

Ndiyo maana nakusihi uandike. Mtu atazamaye video haioni mistari ile. Anamwona Ryu, yule ninja wa mchezo, akikimbia, basi. Hajui kwamba kazi yako hasa ndiyo orodha hiyo ya vitufe, kwamba mchezo haukuguswa popote, na kwamba mtu yeyote akiwa na toleo lilelile na faili yako ataona mambo yaleyale yakitokea kuanzia mashine inapowashwa. Hajui pia kwamba katika mashine za zamani kile tunachokiita bahati hutokana na hesabu tu: mchezo hutazama kilichomo katika kumbukumbu yake na wakati vitufe vinapobonyezwa, kisha huamua adui aruke au asubiri. Ukichelewesha kitufe kwa fremu moja, hesabu hubadilika, na adui aliyekuwa akikuzibia njia hukupisha. Mambo haya ulinieleza kwa sentensi tatu nikayaelewa, ingawa sijawahi kushika pedi. Kwa nini usimweleze na yule?

Nimefuatilia pia habari za mchezo wenyewe, ambao kampuni ya Tecmo iliutoa Japani mwishoni mwa 1988 na Marekani mwaka 1989. Wote walioucheza wanaukumbuka kwa ukali wake. Adui uliyekwisha kumwua hurudi palepale ukirudi nyuma hatua chache. Pigo dogo la ndege humrusha Ryu, na mara nyingi anakorushwa pana shimo. Tena yule aliyevumilia yote hayo akafika kwa maadui wakuu wa mwisho, akifa mbele yao, hurudishwa mwanzo wa hatua ya 6, na wako watu wazima ambao hadi leo hawajauona mwisho wa mchezo huo waliouanza utotoni. Sasa wewe umeuchukua ukali huohuo ukautumia. Pigo linalowaangusha wenzako umelipanga limsukume Ryu mbele, kuelekea anakokwenda. Kwa kuwa akikata upanga akiwa ardhini mwendo wake hukatika, umemfanya akate akiwa hewani, na kila mruko umeupima ili atue pale tu anapopaswa kutua. Nilimwomba mdogo wako airudishe sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara niliona jambo ambalo sikuliona kabla. Mtu aliyepanga haya hana sababu ya kuacha watu wadhani kwamba aliyafanya kwa vidole vyake kwa mara moja, kana kwamba vidole ndivyo vyenye thamani kuliko akili iliyoyapanga.

Kuna neno lililotamkwa sebuleni usiku ule kabla ya safari yako, neno la kufananisha kazi hii na wizi wa mtihani. Nalitaja hapa kwa sababu nadhani ulilibeba, na nadhani ndilo lililokufunga mdomo mtu yule alipokuita mwongo. Lilisemwa kabla ya faili kufunguliwa, na halitasemwa tena katika nyumba hii. Mtunzi wa mafumbo ya sataranji hukaa na ubao peke yake, akasogeza na kurudisha kete mpaka apate njia moja tu ya ushindi, wala hakuna anayemlaumu kwamba hakuwa na mpinzani mbele yake wala saa pembeni. Angelaumiwa tu kama angelidai kuwa fumbo lake ni mchezo alioushinda mashindanoni. Tofauti yako na mwongo ni hiyo tu, na inakaa ndani ya sentensi moja ambayo hujaiandika.

Unapoiandika, usiifiche mwishoni. Iwe mwanzoni kabisa, juu ya picha yenyewe na juu ya maelezo yake, ili mtu akikata kipande akakisambaza, sehemu yake ya kwanza iwe imekwisha kusema kweli. Baada ya hapo, taja emuleta uliyoitumia na toleo lake, na useme kama mchezo ni wa Japani au wa Marekani, kwa maana ulinifundisha kwamba mashine za Ulaya hukimbia kwa fremu 50 kwa sekunde na muda wake haulinganishwi na mwingine. Taja idadi ya kurekodi upya, yaani mara ulizorudi nyuma na kurekodi tena, bila kuipunguza, hata kama unaionea haya. Mimi naiona kuwa kipimo cha subira yako. Usiuweke muda wako kando ya muda wa wachezaji wa mkono kana kwamba ni mashindano mamoja, kwa sababu wako wanaohesabu tangu mashine inapowashwa hadi kitufe cha mwisho, na wako wanaoanza saa mahali pengine, na mtu asiyejua atadhani umewashinda watu ambao hukushindana nao.

Tena, kama popote umebonyeza kushoto na kulia kwa pamoja, jambo ambalo msalaba wa pedi halisi hauruhusu lakini emuleta huruhusu, liandike pia. Ulinionyesha namna mchezo wa Zelda II unavyochanganyikiwa kwa vitufe hivyo viwili, Link, shujaa wake, akateleza kwa kasi ambayo hakuna aliyeikusudia, nasi tulifurahi sana. Hakuna ubaya kuutumia mwanya huo. Ubaya ni mtu kuugundua kwa kuipekua faili yako wakati wewe umenyamaza, maana hapo atapekua na mengine yote kwa jicho la shaka.

Jambo jingine ni hili la mashine halisi. Nakumbuka ulivyonisimulia juu ya TASBot, ile roboti iliyounganishwa na Super Nintendo mbele ya watu mwezi Januari 2014, katika tamasha la Awesome Games Done Quick, ikabonyeza vitufe vya Super Mario World kwa mpangilio uliogeuza kumbukumbu ya mchezo, hata mashine ikaanza kuendesha mchezo wa Pong na ule wa nyoka. Ninaelewa kwa nini unatamani kazi yako nayo ichezwe katika mashine na katriji ya kweli. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba bado haijajaribiwa hivyo, na kwamba fremu moja ya kukwama ambayo emuleta haikuihesabu sawasawa hutosha kuvitenganisha vitufe na mchezo, Ryu akaanza kurukaruka ukutani bila maana hadi mwisho. Basi usiandike kwamba imejaribiwa. Andika kwamba bado. Nimekuona mara nyingi ukiitaja kazi kama imekwisha ilhali inakaribia kwisha, na tabia hiyo haikufai hapa, ambapo mtu yeyote aweza kuifungua faili na kukukagua fremu kwa fremu.

Yule aliyekuita mwongo mjibu mara moja, kwa upole. Mwambie kwamba ni kweli, hakuna mkono uliofanya vile, mpe faili, umshukuru kwa kuuliza. Usimjibu mara ya pili hata akirudi na maneno makali. Kama ataifungua na kuiona mistari, pengine atakuwa wa kwanza kukutetea.

Sasa mambo ya hapa nyumbani. Kompyuta yako ya zamani imejaa. Mdogo wako anasema faili za hali za mchezo ulizozihifadhi zimeenea kila mahali, nyingine zina majina ya namba tupu, nyingine zimeandikwa tu kwamba ni nzuri, na nyingine kwamba ni nzuri zaidi, nasi hatujui ipi ni ipi. Anahitaji nafasi kwa ajili ya masomo yake. Nimemkataza kufuta chochote mpaka utuandikie ni zipi zihifadhiwe, lakini mitihani yake inakaribia na sitaweza kumzuia muda mrefu. Diski nayo imeanza kutoa sauti ambayo haikuwa nayo, kwa hiyo tumenakili faili kuu katika vihifadhi viwili tofauti, kimoja nimekiweka mimi kabatini pamoja na vyeti vyako na kingine yuko nacho baba yako. Wewe huko una nakala ngapi? Nina hofu kwamba jibu ni moja. Ile pedi yenye kitufe kinachokwama bado iko kwenye droo, usidhani tumeitupa.

Kuhusu usingizi sitasema mengi, kwa kuwa nimeyasema. Mdogo wako huona saa unazomtumia ujumbe, naye hunionyesha. Mchezo uliosimamishwa kwenye fremu moja utakuwa kwenye fremu ileile asubuhi, na wewe ulinieleza kwamba faida kubwa ya kazi hii ni kwamba haikimbii.

Kabla hujaipeleka kazi kamili kwa wakaguzi wa TASVideos, nitumie maelezo yako niyasome. Baba yako pia ameomba ayaone. Yakiwa na sentensi ile mwanzoni, nitakuwa sina neno. Yasipokuwa nayo nitayarudisha hata kama wakaguzi wenyewe hawaidai. Na utuambie mapema ni faili zipi mdogo wako azifute, kwa sababu ataihitaji kompyuta kuanzia juma lijalo.

Ni mimi,
Mama yako