Shangazi, visukuku havifungiwi bahari

Shikamoo Shangazi,

Swali lako limenikaa tangu juzi. Ulisema: sisi huku Unguja tunafunga bahari, miamba ya pweza inaachwa miezi kadhaa wakue na wazae, ndipo tunaingia. Sasa nyinyi huko Uingereza mbona mnateremka pwani mwaka mzima, mnaokota visukuku, hayo mabaki ya viumbe wa kale, mnatia mkobani na kuondoka, wala hakuna anayefunga kitu? Huko si kumaliza?

Ni swali la mtu anayeijua bahari, na ningeweza kukujibu kwa simu. Nimelileta hapa hadharani kwa sababu wapo wengi wetu, wa nyumbani na wa ughaibuni, wanaotazama picha za mawe yangu na kujiuliza hilohilo.

Mahali penyewe ni kisiwa cha Sheppey, katika jimbo la Kent, pale mto Thames unapomalizikia baharini. Usitarajie mchanga mweupe. Upande wa kaskazini, kutoka Minster hadi Warden, kuna genge refu la udongo wa kijivu. Ni udongo uleule uliolala chini ya jiji la London, na wanajiolojia wanauita kwa jina la jiji hilo. Ulituama kwenye sakafu ya bahari miaka milioni 50 na kitu iliyopita, na hadi leo haujawa jiwe. Mvua ikiulowesha unateleza, mawimbi yakiula chini unaanguka. Mwaka 2020, hapo Eastchurch, nyumba ilikwenda chini pamoja na ardhi iliyokuwa imeibeba.

Ndani ya udongo huo ndimo walimo jamaa wa pweza wako. Nautiloidi ni ukoo mmoja na pweza, ngisi na dome, ila wao walibaki na gamba la nje. Gamba limejiviringa, na ndani limegawanywa vyumba. Mnyama anakaa katika chumba cha mwisho, kilicho wazi. Akikua anasogea mbele na kujenga ukuta mpya nyuma yake. Mrija mwembamba unapenya kila ukuta hadi chumba cha kwanza kabisa. Kwa mrija huo anayaondoa maji vyumbani, gesi inashika nafasi yake, naye anaelea bila kujichosha.

Sasa jibu. Pweza ukimwacha shimoni atataga, na bahari iliyofungwa itakurudishia zaidi ya ulichokiacha. Nautiloidi wa Sheppey hazai tena. Maadamu yumo udongoni yuko salama. Genge likiporomoka anatoka, na kuanzia siku hiyo bahari inamsaga. Kwanza linabanduka gamba la nje, lile la lulumizi. Halafu vyumba vinaachana kimoja kimoja. Mwisho inabaki kokoto ambayo hata mimi nitaipita bila kuigeukia. Ufunge pwani ile miezi mitatu, utakachokuta kimeongezeka ni kokoto. Kwa hiyo kuokota kilicholegea ufukweni hakuna ubaya, ingawa genge na pwani yake vinalindwa kisheria kwa ajili ya jiolojia yake. Genge lenyewe haliguswi. Huchimbi, hupigi nyundo ukutani. Unangoja bahari ikuletee.

Lakini kuna jambo moja ambalo hapo niko upande wako kabisa. Kisukuku kinaweza kumalizwa hata kikiwa kizima kabatini mwa mtu. Kikiondoka pwani bila kuandikwa kilitoka wapi, lini, na kilikuwa wapi kati ya genge na maji, kimebaki kuwa pambo. Wapo wanaookota na kuuza hivyo hivyo, bila hata jina la pwani, na tabia hiyo inaniudhi sana, kwa sababu kila kipande kina habari ambayo haipatikani kwingine. Mimi kila ninachokibeba nakiandikia karatasi yake siku hiyohiyo, kabla sijaoga. Na mtu akipata kitu adimu, mahali pake pa kukionyesha ni Makumbusho ya Historia Asilia ya London, ambako zimehifadhiwa nautiloidi za Sheppey tangu zamani. Mojawapo ya aina kubwa za pale, Cimomia imperialis, ilipewa jina hilo la pili na James Sowerby mwaka 1812, na inaweza kupita shibiri moja kwa upana.

Macho yako ndiyo ninayoyataka kule. Ukienda kuchokoa, humtafuti pweza. Unatafuta kaka za kome na kaa zilizorundikwa mlangoni, na jiwe lililovutwa kuziba tundu. Ulinifundisha hivyo nikiwa mdogo, na kule Sheppey ndivyo ilivyo. Ukitembea ukitafuta duara zuri la kuweka dirishani, utarudi mikono mitupu. Kinachoonekana kwanza ni kipande cha chumba kimoja: upande huu kimebonyea, upande wa pili kimetuna, kwa sababu kuta za nautiloidi zimepinda zote kwa mwelekeo mmoja. Kigeuze kwenye mwanga. Ukiona kitundu cha duara kwenye uso wa ukuta, basi ndipo mrija ulipopita, na huna haja ya kuuliza zaidi. Kitundu kikiwa kimesogea mpaka ukingo wa ndani, na mstari wa ukuta ukienda zigizaga juu ya gamba, umepata Aturia, aina nyingine ya nautiloidi, na hapo unaruhusiwa kupiga kigelegele.

Mahali pa kutazama pia unapajua bila kufundishwa. Visukuku vingi vya pale vimejaa pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya dhahabu, nayo ni mazito. Maji yanapokupwa yanachambua: chepesi linakwenda, zito linabaki, na ufukweni panatokea mabaka meusi ya vijiwe vizito vimekusanyika pamoja. Unapiga magoti hapo na kuchambua kama mchele. Utapata meno ya papa, vipande vya kaa, uti wa mgongo wa samaki. Nautiloidi wakubwa mara nyingi wamo ndani ya mabonge magumu ya mawe ya kijivu, kwa hiyo bonge lililopasuka usilipite, chungulia mpasuko wake. Ukiona utando unaometa rangi za upinde wa mvua, ile ni lulumizi iliyodumu tangu mnyama alipokufa. Mara ya kwanza nilipoiona nilikaa chini kwenye tope. Rangi ileile unaijua kutoka kwenye chaza.

Amonaiti usimtafute pale, hata watu wakikuambia umemkosa. Walikuwa na gamba la vyumba kama nautiloidi, ingawa kiukoo walikuwa karibu zaidi na pweza na ngisi, na walikwisha wote miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria. Nautiloidi walipita. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba vitoto vya amonaiti vilikuwa vidogo mno, vikiishi juu ya maji ambako maafa yalipiga vibaya, wakati nautiloidi walitaga mayai machache, makubwa, yenye kiini cha kutosha kumlea kitoto muda mrefu. Hao ninaowaokota Sheppey ni kizazi cha walionusurika. Nawapenda kwa hilo kuliko kwa uzuri wao.

Na bahari waliyoishi ilikuwa ya joto, Shangazi. Katika mabaka yale ya pairaiti zimo mbegu na matunda, na moja linalopatikana kwa wingi ni tunda la nipa. Nipa ni jamii ya mnazi, hana shina la kusimama, na leo anaota kwenye matope ya mikoko kuanzia Bangladesh hadi Indonesia. Kent hiyo ya baridi na ukungu ilikuwa na pwani ambayo wewe ungeitembea bila kushangaa. Robert Hooke, mwanasayansi wa karne ya 17, alikuwa ameshaziona amonaiti kubwa za Uingereza na mifupa ya kasa, akasema zinaonekana ni za nchi za joto, enzi ambazo wasomi wengi waliamini visukuku ni mchezo tu wa mawe. Akilinganisha, alikuwa na gamba la nautilasi hai la kulitazama.

Maana nautilasi yupo hadi leo. Anaishi Ufilipino, Indonesia, Papua New Guinea, Fiji na kwingineko huko, kwenye vina vya mamia ya mita. Kwetu haishi, lakini akifa gamba lake hupanda juu na kuelea, na magamba kama hayo yamewahi kufikishwa na mikondo hadi pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Kwa hiyo ukiona moja limetupwa na bahari huko kwenu, jeupe lenye mistari ya kahawia yenye wekundu, nipigie picha kabla hujaligusa, uniandikie siku na mahali. Huyo aliye hai ndiye wa kufungiwa bahari. Anakomaa akiwa na umri wa miaka zaidi ya 10, mayai yake yanakaa karibu mwaka mzima kabla ya kuanguliwa, na watu wamemvua kwa ajili ya gamba tu. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana biashara yake ya kimataifa iwekewe masharti. Unavyowasemea pweza, hiyo ndiyo hoja yake.

Usinielewe kwamba nawaambia watu wa nyumbani waanze kuokota. Pwani yetu ina visukuku vyake. Mawe ya zama za Jura, enzi za dinosaria, ya karibu na Mombasa yana amonaiti, na kule Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, kati ya tabaka za mifupa zipo tabaka za bahari zenye magamba. Ila sheria zetu ni nyingine: Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Anayekuta kitu apige picha, aandike mahali, awaambie watu wa makumbusho. Mifupa ya Tendaguru iko Berlin. Sitaki kusikia na magamba yameifuata, mfukoni mwa mtalii.

Tukirudi Sheppey, ukija, kuna mambo mawili ya kuzoea. La kwanza ni maji. Bamvua yao ni kubwa, zaidi ya mita 5 kati ya kujaa na kupwa, na saa zake zimepinduka. Kwetu bamvua hupwa mnamo saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Huko hupwa kwenye saa moja, asubuhi na jioni, kwa hiyo tutaondoka nyumbani gizani. Genge liko mgongoni na njia za kupandia ni chache; maji yakigeuka nasi tunageuka, hata kama mbele kuna baka zuri. La pili ni tope. Udongo ulioporomoka unakauka juu ukaonekana mgumu, ukiukanyaga unazama mpaka mapajani. Tunatembea juu ya kokoto tu, na tunakaa mbali na genge, hasa baada ya mvua.

Tukirudi nyumbani kazi haijaisha. Pairaiti ikikaa na unyevu inaoza yenyewe: inatoa unga mweupe na tindikali, na siku moja unafungua kisanduku unakuta vumbi. Tutaviosha kwa maji baridi, tutavikausha taratibu, tutavifungia kwenye vyombo visivyoingiza hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usivitupe ukivipata huko, niwekee.

Mwishoni mwa Machi ndiyo nafuu: bamvua kubwa za mwaka zipo, na dhoruba za baridi zimeshafungua genge. Mabuti ya mpira ni lazima, na ya kuazima hayatakufaa kwa mwendo ule mrefu. Nitumie namba ya kiatu chako nikununulie mapema.