Shangazi, kuku hawakuliwa na kicheche

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kukuandikia saa hizi. Ni saa tisa usiku, mvua inanyesha, nimetega ndoo mbili na sufuria moja, na nimeshauzoea mlio wake hadi najua ipi inakaribia kujaa bila kuinuka. Sijalala tangu juzi. Si kwa ajili ya paa. Paa nimelizoea.

Nyumba hizi za zamani za shamba wewe unazijua. Siku ya kwanza unaona kivuli, kisima na miembe iliyopandwa na watu waliokwisha kufa, unajiona umefika. Ya ndani unayaona ukishahamia. Mchwa kwenye kenchi za paa. Kuta za mawe na chokaa, kuna fundi alizipiga lipu ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, sasa lipu inabanduka vipande vipande. Choo kiko hatua 12 kutoka kisimani wakati kila anayejua anakwambia isipungue mita 30, kwa hiyo maji ya kunywa yote nachemsha. Haya nayabeba. Sijawahi kulalamika. Au nimelalamika kidogo, lakini nani asingelalamika?

Kinachoniua ni maneno matatu. "Si ulitaka mwenyewe?"

Mume wangu hasemi kwa ukali. Angekuwa mkali ningepata pa kumshika. Anasema taratibu, huku anavua viatu. Paa likivuja, si ulitaka mwenyewe. Mbuzi alipozaa mapacha mmoja akanifia mikononi, baada ya kuhesabu siku 150 kwenye kalenda kama mjamzito ni mimi, nilimpigia simu nalia. Akanyamaza kidogo. Halafu unajua alisema nini.

Shangazi, tulikwenda kuiona wote wawili! Yeye ndiye aliyesukuma dirisha la jikoni likalia kama mlango wa gereza, akacheka. Yeye ndiye aliyepima shamba kwa hatua, anahesabu kwa sauti. Ni kweli wazo nililianza mimi, na ni kweli nililisema miaka mingi, labda kila siku. Lakini saini kwenye karatasi ni mbili. Sasa yeye Jumatatu alfajiri anarudi mjini kazini, namwona Ijumaa jioni, na siku za katikati ni zangu mimi na mchwa.

Basi, kuku. Ndicho nilichotaka kukwambia tangu mwanzo.

Nilikuwa nao 23. Mitetea ndiyo kwanza imeanza kutaga. Na mdondo, ule ugonjwa unaofagia banda zima, naujua, mtu asije akaniambia sikujua. Chanjo tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3, dawa isipigwe na jua. Lakini kichupa kimoja kinachanja kuku mia na zaidi, mimi nina 23, nikaona ni kumwaga hela. Nikasema nimsubiri jirani tuchangie. Jirani akachanja wa kwake bila kuniambia. Au aliniambia, sikumbuki vizuri, wiki ile nilikuwa nashinda juu ya paa.

Jumanne mmoja alisimama peke yake, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. Jumatano wanne walikuwa wanapinda shingo kana kwamba wanatafuta kitu mgongoni. Kufika Ijumaa asubuhi nimebaki na watano. Nilichimba shimo la kufika kiunoni, peke yangu, nikafukia 18.

Jioni akaja. Hata begi hajalitua, akauliza mbona banda kimya. Mdomo ukajibu wenyewe: kicheche.

Mimi si mwongo, Shangazi. Lakini nilikuwa nayasikia yale maneno matatu yanakuja, nayaona kabisa kwenye midomo yake, na mikono yangu bado ina udongo wa lile shimo. Nisingeyaweza.

Na hakuyasema. Mara ya kwanza tangu tuhamie. Alichukua tochi akalizunguka banda. Jumamosi na Jumapili akashinda anapigilia wavu, akauzika nusu mita chini kicheche asichimbe, akajikata kidole gumba, akakifunga kitambaa akaendelea. Anapiga mluzi. Mluzi, Shangazi! Jioni akaja kukaa nami kwenye ngazi, akasema, "Huyu mnyama hatatushinda." Hata-tu-shinda. Hakusema hatakushinda.

Sasa ameagiza vifaranga 30, Ijumaa hii anakuja nao. Na bwana mifugo ameniambia banda lisafishwe, dawa ipigwe, lipumzike wiki kadhaa, tena hao watano waliopona huenda bado wanatoa ugonjwa, na vifaranga wasiingie bila chanjo. Nikimwambia mume wangu asiwalete, ataniuliza kwa nini, wakati wavu ni mpya. Nikinyamaza, nitachimba shimo jingine.

Sasa nimwambieje? Au nimwambie tu wasubiri, nitafute sababu nyingine? Nimefikiria kusema paa la banda nalo linavuja. Linavuja kweli kidogo, pembeni.

Dada yangu anasema tatizo si kuku, niseme wazi kama nataka kurudi mjini. Sitaki. Kuna usiku, kama huu, naomba yeye mwenyewe aseme tuuze tuondoke, yaani atamke yeye, isiwe mimi. Lakini akitamka kesho sitoki, anibebe na kenchi zake. Natamani pia aache kazi aje tukae wote. Halafu Jumatatu gari likitoka getini nakaa jikoni na chai, nyumba yote imenyamaza, naona raha hadi naona aibu. Usiniulize nataka nini. Nataka asiseme yale maneno, basi. Na kama nikimwambia ukweli akayasema, safari hii atakuwa na haki, na hilo ndilo nashindwa kulimeza. Saini ni mbili, lakini chanjo ilikuwa yangu.

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata mstari mmoja. Ndoo ya dirishani imejaa, ngoja nikaimwage.