Umeme wa nusu bei usiku na mfanyakazi anayeulipia

Mhariri,

Tangu tarehe 1 Desemba 2017, viwanda na biashara kubwa nchini Kenya zimekuwa zikipewa punguzo la nusu ya bei ya umeme unaotumiwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri siku za kazi, mradi matumizi yao yapite kiwango kilichowekwa. Mpango huo ulipoanza nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha ndoo na mabeseni ya plastiki katika eneo la viwanda la Nairobi, na nilikuwa miongoni mwa walioushangilia. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini furaha hiyo ilinitoka, na kwa nini naamini kwamba sheria yetu ya saa za kazi yafaa irekebishwe kabla hatujaendelea kuhimizana kuhamishia uzalishaji usiku kwa jina la kuokoa kawi.

Sababu ya punguzo lenyewe si mbaya. Visima vya mvuke wa ardhini vya Olkaria, kule Naivasha, havifungwi na kufunguliwa kama mfereji wa maji. Wananchi wakishalala na taa zikazimwa, mahitaji ya umeme huporomoka, na mvuke ambao ungezungusha mitambo huachwa upotelee hewani. Aliyeona kwamba ni heri umeme huo uuzwe kwa bei ya chini kuliko kutupwa aliona sawasawa. Alichosahau ni kwamba mashine haihami peke yake kutoka mchana kwenda usiku, bali huhama na mtu wa kuilisha, wa kuitazama na wa kuipangusa.

Mtu huyo sheria yetu inamtendea jambo la ajabu. Amri ya Jumla ya Udhibiti wa Mishahara, ambayo huwahusu wafanyakazi wasio na amri mahususi ya sekta yao, inasema kwamba wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 52 zilizogawanywa katika siku sita. Lakini kwa mfanyakazi wa usiku inaruhusu hadi saa 60. Ukijumlisha na kazi ya ziada, wa mchana asipite saa 116 katika majuma mawili mfululizo, ilhali wa usiku anaweza kufika 144. Msomaji apige hesabu mwenyewe: saa 144 kwa majuma mawili ni usiku sita kwa wiki, saa kumi na mbili kila usiku. Hiyo ndiyo ratiba niliyoiandika kwa mkono wangu mwaka 2018, kuingia saa moja jioni na kutoka saa moja asubuhi, na hakuna mkaguzi ambaye angenishika kwa saa hizo.

Nadhani kanuni hiyo ilitungwa ikimfikiria mlinzi wa lango, ambaye ilidhaniwa kwamba usiku wake mwingi ni wa kukaa na kusubiri. (Walinzi wenyewe wana majibu yao kuhusu dhana hiyo, ila hayo ni ya barua nyingine.) Haikumfikiria mwanamke aliyesimama mbele ya mashine inayofunguka kila baada ya nusu dakika, akitoa ndoo yenye moto, akikata masalio kwa kisu na kupanga, hadi jua lichomoze.

Mwezi Mei 2021, Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kazi ya saa 55 au zaidi kwa wiki inahusishwa na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kupatwa na kiharusi na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, ikilinganishwa na wiki ya saa 35 hadi 40. Vifo vilivyotokana na saa hizo ndefu mwaka 2016 vilikadiriwa kuwa 745,000 duniani. Mstari wa hatari ni 55, na sisi tumemwekea anayekesha mpaka wa kawaida wa 60. Juu ya hapo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga mpangilio wa mwili, tangu mwaka 2007, katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu, na likaurudia uamuzi huo kuhusu kazi ya usiku mwaka 2019. Mwaka ule ule wa 2017, miezi miwili kabla ya punguzo letu kuanza, Tuzo ya Nobel ya tiba walitunukiwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kufichua jinsi saa ya ndani ya mwili inavyofanya kazi. Sidhani kama kuna aliyeisoma habari hiyo pamoja na ile ya bei ya umeme.

Hata hivyo, yaliyonifunza zaidi sikuyapata katika taarifa hizo. Wengi wa vijana wetu waliishi katika mitaa ya mabanda ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, mwendo wa miguu kutoka langoni. Hapo Nairobi panapoitwa pa karibu na kazi, usingizi wa mchana ndio kitu adimu kuliko vyote. Chumba ni cha mabati kuta na paa. Kufikia saa tano asubuhi kimekuwa jiko. Jirani anachomelea madirisha, watoto wanacheza mlangoni, spika za kanisa zinafanya majaribio tangu Alhamisi. Mama mwenye mtoto mchanga halali kabisa, kwa kuwa mchana huo ndio wake wa kufua na kupika. Mtu huyo hurudi kazini saa moja jioni akiwa amelala saa tatu au nne zilizokatikakatika, akala ugali saa nane usiku wakati tumbo lenyewe limelala, kisha akanywa chai ya sukari nyingi ili macho yasifumbe. Baada ya miaka michache hushangazwa na daktari anapomwambia kwamba ana shinikizo la damu. Mimi pia niliambiwa hivyo.

Nikiri kwamba wapo waliokuwa wakinisihi niwapange usiku. Mmoja alikuwa akisoma mchana, mwingine hakuwa na wa kumwachia mtoto ila usiku mumewe akiwa nyumbani. Kwa hiyo siombi kazi ya usiku ipigwe marufuku; siombi pia hospitali na mikate ya asubuhi isimame. Ninachosema ni kwamba punguzo la bili limeandikwa kwenye karatasi ambayo mkurugenzi huisoma kila mwezi, na gharama ya mwili haijaandikwa popote anapoweza kuiona.

Hata hesabu ya umeme wenyewe, tuliyoambiwa ni ya faida, haikuwa safi. Katika daftari langu la zamu, ndoo mbovu ziliongezeka baada ya saa tisa usiku, wiki baada ya wiki. Kalibu inayoipa plastiki umbo haikufungwa vizuri, joto liliwekwa kupita kiasi, mashine iliachwa ikiunguruma bure kwa sababu aliyepaswa kuisimamisha alikuwa amesinzia kwa wima. Ndoo mbovu haitupwi. Hupelekwa kwenye mashine ya kusaga, ikasagwa, ikarudishwa kuyeyushwa upya, yaani kilo moja ya plastiki ikala umeme mara mbili, pamoja na ule wa kuisaga. Tulikuwa tukinunua umeme kwa nusu bei na kuutumia maradufu, na hakuna aliyekuwa akiziweka hesabu hizo mbili mezani kwa pamoja.

Wakati huo huo, mchana, palikuwa na akiba ambayo hakuna mtu angehitaji kukesha ili kuipata. Mipira inayopitisha hewa ya kuendeshea mashine ilikuwa ikivuja kila kona. Jumapili moja, mashine zote zikiwa zimezimwa, nilipita nikisikiliza tu kwa sikio na kutia alama ya chaki, na sehemu nilizozipata hazikuhesabika kwa vidole. Katika viwanda vingi, hewa inayovuja huweza kufikia robo ya kazi yote ya kompresa, mashine inayoisukuma hewa hiyo. Sehemu za mashine zinazoyeyusha plastiki zilikuwa uchi, zikipasha joto ukumbi na mtu aliyesimama kando yake, ilhali kuna blanketi za kuzikinga. Na kila asubuhi tuliwasha mashine zote kwa mpigo mmoja, jambo lililopandisha ada inayotozwa kulingana na kilele cha matumizi ya mwezi. Kuziwasha kwa kupishana kungetosha kuishusha. Kanuni za Usimamizi wa Kawi za mwaka 2012 zilimtaka kila mwenye jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 za umeme kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa kawi walau mara moja kila miaka mitatu, na atekeleze angalau nusu ya akiba iliyoonekana. Ripoti yetu ilikuwepo, imejalidiwa vizuri, kabatini.

Zipo pia kazi ambazo usiku unazifaa kwa kuwa hazihitaji mtu ila wa kuzichungulia: kupandisha maji kwenye matangi, kugandisha barafu, kupoza vyumba vya maziwa na maua, kuchaji betri za magari ya kubebea mizigo ghalani. Hizo ndizo zingetangulia kuhamishwa. Tulianza na watu kwa sababu kuandika ratiba mpya ni bure, na kununua saa ya kuwashia pampu kunahitaji sahihi ya mhasibu.

Jirani zetu hawakungoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka wiki ya kawaida kuwa saa 45, bila kumwongezea wa usiku hata moja. Kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, mjamzito hapangwi usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, na anayethibitishwa na daktari kwamba hawezi kazi ya usiku hapaswi kulazimishwa. Asilimia 5 si fedha nyingi. Lakini humlazimu mwenye kiwanda kuuona usiku wa mfanyakazi kama kitu chenye bei.

Ombi langu kwa Wizara ya Kazi ni kwamba kifungu cha saa 60 kifutwe, na saa za usiku zisizidi za mchana. Kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, naomba anayepokea punguzo la usiku atakiwe kwanza kuonyesha kwamba ametekeleza ukaguzi wake wa kawi. Na wenye viwanda wasiongoje kulazimishwa kuwapima bila malipo wafanyakazi wao wa usiku wanaoomba, kabla ya kuwapanga na baadaye mara kwa mara, kama unavyoelekeza Mkataba nambari 171 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990. Mkaguzi atakayetaka pa kuanzia asihangaike na ripoti zilizojalidiwa: aombe daftari la zamu na bili ya umeme ya mwezi ule ule, kisha asome ukurasa wa saa tisa usiku.

Wako,
Msimamizi wa zamu mstaafu,
Nairobi