Ngozi za zile ngoma tatu

Kihesa, Iringa
Jumapili jioni

Mwalimu, kamwene!

Picha za magogo nimeziona. Mringaringa umechongeka, hasa lile kubwa: kuta zina unene mmoja pande zote na mdomo haujapinda. Fundi wako anaijua kazi. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana habari za ngozi ukizisema kwa simu mtu hushika nusu, na nusu hiyo ndiyo anayokwenda nayo kwa dalali.

Kwanza tubishane kidogo. Unasema ngoma zote tatu utaziwamba ngozi ya ng'ombe, tena iliyo nene kuliko zote utakazopata, ili watoto wasiipasue. Hapo sikubaliani nawe. Ngozi nene ya ng'ombe kwenye ngoma ndogo ya mkono ni ubao tu. Mtoto wa darasa la tano ataipiga kofi, kiganja kitawaka moto, na kitakachotoka ni "du" ambayo hata mstari wa nyuma hawaisikii. Siku mbili tatu ataokota fimbo, na fimbo ndiyo itakayoipasua. Ngoma ya mkono inataka ngozi inayoitika hata ukiigusa kwa ncha za vidole, na hiyo ni ya mbuzi. Kwa hiyo ndogo na ya kati ziwambe mbuzi. Lile kubwa, ambalo umesema litapigwa na wewe au na wale vijana waliomaliza shule, hilo lipe ng'ombe, maana mdomo mpana unataka ngozi nzito ili upate ule mngurumo wa chini. Kondoo muache aliwe. Ngozi yake ina mafuta mengi na matabaka yake hayajashikana sawasawa. Ukiivuta kwa nguvu inaachana.

Sasa mbuzi yupi? Beberu mzee ana shingo nene na kiuno chembamba, na harufu yake itakaa darasani muhula mzima. Jike aliyezaa mara nyingi tumbo limelegea, na ulegevu huo utaukuta kwenye ngoma. Mimi nachagua jike kijana ambaye bado hajazaa, au dume aliyehasiwa mapema. Kwa ng'ombe, tafuta mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa. Dume mzee ana ngozi ya kutengenezea soli. Halafu kumbuka ng'ombe wetu wa kienyeji wana nundu: ngozi ya pale imejikunja kufuata nundu na hailali bapa hata uivute vipi, kwa hiyo kata kuanzia nyuma yake. Wale wanaotoka Usangu wengi wana chapa ya moto pajani au ubavuni. Palipochomwa hapavutiki kama kwingine, na ndipo ufa utakapoanzia. Makovu ya kupe na mikwaruzo ya miiba ukiikuta pembeni, isikusumbue. Ikiwa katikati, achana na ngozi hiyo.

Ukishaipata, lile jambo la uti wa mgongo usimwachie fundi peke yake. Mstari wa mgongo upite katikati kabisa ya mdomo, ukingo hadi ukingo. Mgongoni ngozi ni nene, na inapungua unene kuelekea mbavuni, kulia sawa na kushoto. Mstari ukikaa pembeni, upande mmoja unavuta kuliko mwingine, na ngoma moja inakuwa na sauti mbili zinazogombana. Mbuzi wetu ni wadogo, kwa hiyo hapa ndipo watu wanapobanwa: unahitaji upana wa mdomo na kama sentimita kumi zaidi kila upande za kushikia vigingi, na ukizidisha unaishia kukata kwenye tumbo, ambako ngozi ni dhaifu.

Mahali pa kununua. Najua kuna yule anayepanga ngozi kavu karibu na stendi, na bei yake si mbaya. Mpite tu. Ngozi zake zimetiwa chumvi kwa sababu zilikusudiwa kiwanda cha ngozi, na kiwandani chumvi si tatizo, wataiosha. Kwenye ngoma ni balaa, hasa huko kwenu. Chumvi huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75, na wewe niambie, ni asubuhi gani ya mwezi wa tatu Tukuyu ambayo hewa iko chini ya hapo? Ngozi yenyewe tayari inalegea ukungu ukishuka. Ukiiongezea chumvi, mtakuwa mnapasha ngoma moto baada ya kila wimbo. Kama huna budi kuichukua yenye chumvi, iloweke na ubadilishe maji mara nyingi, mpaka ukiigusa kwa ulimi usisikie chochote. (Ulimi, ndiyo. Usinicheke.)

Kwa hiyo nenda machinjioni alfajiri, ukazungumze na mchunaji kabla hajashika kisu. Bei ya ngozi imeanguka kiasi kwamba kuna machinjio wanazifukia, hivyo ngozi yenyewe haitakugharimu sana. Hela yako iweke kwenye mkono wa huyo mchunaji. Mpe ya soda, umwambie tumbo apasue kwa kisu lakini mgongo achune kwa ngumi. Wanajua namna yake: kisu kinaweka njia, halafu ngumi inaingia kati ya ngozi na nyama na kusukuma. Wakiwa na haraka wanatumia kisu mwanzo mwisho, na kila kinapoteleza kinaacha mkato upande wa ndani. Mkato huo hautoboi, kwa hiyo hutauona ngozi ikiwa mbichi na ina damu. Utauona siku ya kuwamba, ngozi ikikaza, unafunguka mbele ya macho yako kuanzia ndani kwenda nje.

Zikikushinda mbichi ukanunua kavu isiyo na chumvi, ipeleke nje uiinue juani, wewe ukiwa upande wa kivuli. Mikato yote itaonekana kama mistari ya mwanga. Madoa ya manjano yanayopitisha mwanga ni mafuta ambayo hayakuparuliwa. Vuta nywele kidogo kwa vidole viwili: zikitoka bila kulalamika, ngozi ilianza kuoza kabla haijakauka. Kunja pembe moja; ikilia na kupasuka, ilianikwa chini juani, nje ikakauka upesi na ndani ikabaki na maji yake. Matundu madogo ya duara ni dudu wa ngozi, na huyo ukimwingiza stoo ya shule atahamia kwenye ngoma nyingine.

Usikubali ngozi ya mnyama aliyejifia. Hapa sitanii. Mnyama aliyekufa kwa kimeta anaacha vijidudu ambavyo hukaa kwenye ngozi na udongoni miaka na miaka, na anayeparua ngozi kavu ndiye anayevuta vumbi lake. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma wa New York aliugua kimeta kwa ngozi zilizotoka Afrika Magharibi, na mwaka 2008 mwingine London alikufa. Machinjioni afisa mifugo anamkagua mnyama akiwa mzima na nyama baadaye. Hiyo peke yake inatosha kukuamsha alfajiri. Na hata ngozi iliyokaguliwa, ukiiparua iwe na unyevu, mdomo na pua vikiwa vimefungwa, na watoto wawe mbali.

Kuhusu yule kijana wa Kyela aliyesema atakuletea kenge kwa ile ndogo: mshukuru, mwambie hapana. Ni kweli ngozi ya kenge ina mlio mkali mtamu, na wazee waliitumia. Lakini siku hizi, bila kibali, hiyo ni nyara ya serikali kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na sioni mwalimu akijieleza mahakamani kwa ajili ya ngoma ya darasa la tano. Swala vivyo hivyo.

Kukausha, kama utaichukua mbichi: parua nyama na mafuta yote, ifunge kwenye fremu ya miti kwa kamba pande zote, uiweke kivulini chini ya baraza ambako upepo unapita. Isiguse ukuta. Kwa kuwamba, iloweke maji baridi, ya mbuzi usiku mmoja, ya ng'ombe zaidi, mpaka inalegea kama kitambaa. Maji ya moto hapana kabisa: kufika nyuzijoto 60 na kitu ngozi inajikunyata na hairudi tena. Nywele ziache mpaka ngoma imekauka, kisha zilowanishe kidogo na unyoe kwa wembe. Watakuambia utumie chokaa, zinatoka zenyewe. Zinatoka, ndiyo, na nguvu ya ngozi inatoka nazo.

Kwa mvua zilivyo sasa, mimi ningesubiri mwezi wa sita. Baridi itakuwepo, lakini hewa ni kavu na ngozi itakauka bila kunuka. Mahafali yenu ni mwezi wa tisa, hamjachelewa.

Mbuzi wawili watafute wewe hukohuko. Ya mtamba niachie mimi, nina mtu machinjioni hapa Iringa, nitaikausha kwenye fremu na kukutumia kwa basi ikiwa imekunjwa. Nitumie upana wa mdomo wa lile kubwa kwa sentimita, pima kutoka nje ya ukingo na si ndani, na unipe pia urefu kutoka mdomoni hadi pale fundi atakapotoboa vigingi. Bila hicho kipimo cha pili siwezi kujua nichague mnyama mkubwa kiasi gani.

Mama na watoto wasalimie sana. Parachichi zilifika salama, ila dereva alijipunguzia.

Ni mimi rafiki yako,
Fundi