Kuhusu maganda ya vitunguu ya Mama

Morogoro, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Nilicheka pale Mama anaposema maji ya maganda ya vitunguu yamempa goti jipya. Kicheko kikakata uliposema vile vidonge vyake vya baridi yabisi amevifungia kabatini. Umeniambia, "Wewe ndiye unayeshinda maabara, sema basi." Haya, nasema.

Mama hakuota. Kwenye yale maganda mekundu kuna kwesetini, mmoja wa ukoo mkubwa wa kemikali za mimea ziitwazo flavonoidi. (Mwaka 1936 Szent-Györgyi, yule mwanasayansi wa vitamini C, alidhani hizi nazo ni vitamini, akaziita P. Jina halikudumu.) Kwesetini nimeishika mwenyewe: unga wa njano kama bizari, ukigusa koti umeshalipaka. Ninazo seli za kinga za panya, zinaitwa makrofaji, kwenye kibao cha vishimo 96. Unazichokoza kwa vipande vya ukuta wa bakteria, nazo zinawaka. Ndani yake kuna protini, NF-kappa B, ambayo seli ikiwa imetulia hufungwa nje ya kiini. Seli ikichokozwa kamba inakatwa, protini inaingia kiinini na kuamsha jeni za TNF na protini wenzake, hao wanaoleta joto, maumivu na kuvimba. Kwesetini humbana yule kimeng'enya anayeagiza kamba ikatwe. Kesho yake unatia dawa ya kupimia nitriki oksaidi, gesi ambayo seli zikiwaka huitoa: vishimo vilivyochokozwa tu vinageuka waridi iliyokolea, kama juisi ya rozela iliyotiwa maji kidogo. Vyenye kwesetini vinapauka.

Siku ya kwanza kuona mpauko ule nusura nipige vigelegele. Msimamizi wangu akainama, akatazama, akauliza, "Ziko hai?" Sikuwa nimepima! Nilipopima, kwenye dozi kubwa seli nyingi zilikuwa zimeshakufa, na maiti hawaki. Nikarudia kwa dozi ndogo. Mpauko ulikuwepo, ila si wa kupigiwa vigelegele.

Na hata hizo dozi ndogo, Mwanaidi, usizipime kwa sufuria ya Mama. Mimi natia maikromola 10 (kipimo cha ukolezi wa dawa kwenye maji), wakati mwingine 25. Mtu akila vitunguu, kinachoonekana kwenye damu kwa kawaida hakifiki 1, tena si kwesetini kama ile ya kichupa changu: utumbo na ini vimeshaibandika vitu vingine, na ikiwa hivyo nguvu yake huwa ndogo zaidi. Lakini kuna jambo linanifurahisha. Makrofaji za mahali palipovimba hutoa kimeng'enya kinachoweza kuubandua ule mzigo, kwesetini ikabaki tupu papo hapo penye moto. Kwa hiyo huenda kuna kitu kinafika gotini. Huenda tu. Kwa "huenda" mimi sifungii vidonge kabatini, maana baridi yabisi hutafuna kiungo hata siku ambazo mtu anatembea bila kuchechemea.

Usimwambie maganda ni upuuzi, unamjua, atachemsha gunia zima. Mwambie ayaoshe sana kwanza, kwa sababu dawa za shambani hubaki huko nje, kisha anywe kikombe chake kama tumbo linakubali. Vidonge virudi mezani leo hii. Siku ya kliniki amwambie daktari kila anachokunywa, asione haya. Na vitunguu vyenyewe asivisahau akakumbuka maganda tu, kachumbari yake ile naiota mpaka huku.

Nakuja mwisho wa mwezi, nitalala kwenu. Vidonge nitavihesabu mwenyewe, kimoja kimoja, mbele yake.

Wako,
Rehema